Barua ya wazi kwa vijana wa mdahalo: Je, ni Israeli inayoiponza Marekani?

Wanangu,

Jumamosi iliyopita mlinialika kwenye mdahalo wenu, mkanipa kiti cha mbele, na heshima ile naishukuru mpaka leo. Hoja ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa chaki: "Israeli ndiyo chanzo cha balaa zote za Marekani Mashariki ya Kati." Waliounga mkono walikaa kushoto, waliopinga walikaa kulia, nami nikawasikiliza saa mbili na nusu. Mwishoni mwenyekiti aliponiomba neno nilisema nimechoka, nikaaga. Ukweli ni kwamba nilikuwa na mengi mno kifuani, nikaona nikiyatoa usiku ule yatatoka ovyo. Ndiyo maana naandika.

Kilichonichoma ni sentensi moja. Kijana wa upande wa kushoto alisema, "Hata bomu la Nairobi la 1998 ni matokeo ya urafiki huo wa Marekani na Israeli," akakunja kidole cha tatu, akaendelea na cha nne.

Mimi nilikuwepo, mwanangu. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Agosti, muda mfupi baada ya saa nne na nusu asubuhi. Nilikuwa nimeshuka basi upande wa stesheni ya reli nikielekea katikati ya mji. Kwanza ulisikika mlipuko mdogo, na watu waliokuwa maofisini wakafanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya: wakaenda madirishani kuchungulia. Kisha likaja lile kubwa. Vioo viliwakuta nyuso zao zikitazama nje, ndiyo sababu wengi walipoteza macho siku ile. Nilipokuwa nimesimama kando ya Barabara ya Haile Selassie nisijue pa kwenda, alipita mama mmoja wa makamo, kijana amemshika kiwiko akimwongoza. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimefungwa machoni. Mkononi alikuwa bado ameshika kalamu, na kila aliposikia nyayo za mtu aliuliza, "Ni nini, jamani? Ni nini?" Walikufa watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, ambako ubalozi wa Marekani ulilipuliwa siku ileile kama huu wa Nairobi. Wamarekani kati yao walikuwa 12.

Swali la yule mama halijibiwi kwa kukunja kidole. Ngoja nilijibu kwa kadiri ya ninavyojua.

Osama bin Laden na wenzake, ambao ndio waliopanga milipuko ile, walikuwa wametoa tamko lao Februari mwaka uleule. Walitaja malalamiko matatu, na mpangilio wake ulikuwa huu: kwanza, majeshi ya Marekani yaliyopiga kambi Rasi ya Uarabuni, pili, madhila ya Iraki chini ya vikwazo na mabomu, tatu, Israeli na kukaliwa kwa Jerusalemu. Na tarehe 7 Agosti ndiyo tarehe ambayo, miaka minane kabla yake, operesheni ya kupeleka majeshi hayo Saudia ilianza, baada ya Saddam Hussein kuimeza Kuwait. Sasa nawauliza ninyi wa kushoto: Israeli iliingiaje katika habari ya Kuwait? Katika vita vile Saddam aliirushia Israeli makombora ya Scud yapatayo 39, akitaka kuichokoza ijibu ili nchi za Kiarabu zilizokuwa bega kwa bega na Marekani zijitoe. Washington ikaisihi Israeli itulie, nayo ikatulia. Marekani ilikwenda kule kwa ajili ya mafuta na kwa ajili ya wafalme wanaoyalinda, na ingekwenda hata kama Israeli isingekuwepo kwenye ramani.

Lakini ninyi wa kulia msianze kupiga makofi. Hilo la tatu nalo limo kwenye tamko, na waandishi wake hawakuliweka kujaza karatasi. Kambi za Marekani kule Saudia zilikuwa donge la watu wachache. Jerusalemu ni donge la mamilioni, kutoka Rabat hadi Jakarta, pamoja na pwani yetu hii. Walijua ni neno lipi litakalowaletea wasikilizaji. Mtu mwovu akiokota dhuluma ya kweli na kuifanya chambo, dhuluma ile haiwi uongo kwa sababu yeye ni mwovu.

Nimefundisha historia miaka thelathini na mmoja. Nikitaka kujua kama jambo fulani ndilo linaloleta jingine, hutafuta kipindi ambacho la kwanza halikuwepo, nione kama la pili lilikuwepo. Katika suala letu kipindi hicho kipo, na nilishangaa hakuna aliyekigusa. Ni miaka ya 1950.

Ni kweli Rais Truman aliitambua Israeli dakika 11 baada ya kutangazwa, Mei 1948. Alifanya hivyo huku waziri wake wa mambo ya nje, George Marshall, akipinga vikali kiasi cha kumwambia usoni kwamba angekuwa mpiga kura asingempigia yeye. Ila kutambua ni jambo moja na kushikana mikono ni jingine. Miaka ile silaha kubwa za Israeli zilitoka Ufaransa. Ndege za kivita zilizoishindia vita vya 1967 zilikuwa za Kifaransa. Marekani ilianza kuiuzia makombora ya kujikinga na ndege mwaka 1962, wakati wa Kennedy. Na 1956, Israeli ilipoivamia Sinai pamoja na Uingereza na Ufaransa kwa ajili ya Mfereji wa Suez, Rais Eisenhower aliwabana wote watatu. Pauni ya Uingereza ikayumba. Israeli ikashikilia Sinai na Gaza, Eisenhower akaenda kwenye televisheni Februari 1957 kuwaeleza wananchi wake kwa nini nchi iliyovamia haiwezi kuweka masharti ya kuondoka. Machi majeshi ya Israeli yakatoka.

Je, Marekani ilipata amani Mashariki ya Kati miaka ile? Haikuipata. Mwaka 1953 shirika lake la ujasusi na lile la Uingereza walisaidia kumpindua Mohammad Mossadegh, waziri mkuu wa Irani aliyeyataifisha mafuta ya nchi yake, wakamwimarisha Shah, mfalme wa nchi hiyo. Mwaka 1958 ufalme wa Iraki ulipoanguka, wanamaji wa Marekani walitua ufukweni Beirut. Redio ya Cairo ilikuwa ikiirarua Marekani usiku na mchana. Huko kote chanzo kilikuwa mafuta, ushindani na Moscow, yaani Muungano wa Kisovieti, na desturi ya kuwakingia kifua watawala wasiopendwa na watu wao. Dhambi ya 1953 ilidaiwa miaka 26 baadaye. Wanafunzi wa Tehran walipouvamia ubalozi tarehe 4 Novemba 1979, na Wamarekani 52 wakakaa mateka siku 444, kilichowasha moto ni Shah kupokewa Marekani kwa matibabu, na kumbukumbu ya kwamba aliwahi kurudishwa kitini na Wamarekani haohao.

Kwa hiyo neno "zote" lililokuwa ubaoni lifutwe. Nalichukia si kwa sababu ya kuwaonea huruma Waisraeli, bali kwa sababu linamsafisha asiyestahili kusafishwa. Ukisema Israeli ndiyo iliyoiburuta Marekani katika kila shimo, umeifanya dola kubwa kuliko zote duniani kuwa kama kipofu anayeongozwa kwa fimbo. Rais Bush mdogo, makamu wake Cheney na waziri wake wa ulinzi Rumsfeld waliamua vita vya Iraki vya 2003 wakiwa na akili zao timamu. Wasomi wawili wa Kimarekani, John Mearsheimer na Stephen Walt, walidai mwaka 2006 kwamba watetezi wa Israeli Washington walichangia sana uamuzi ule, nami siwadharau. Ni kweli kwamba Netanyahu, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Israeli lakini akiwa hana cheo serikalini wakati huo, alikwenda Kongresi, yaani bunge la Marekani, Septemba 2002 kuushabikia. Lakini kushabikia si kuamuru. Saini ni ya rais wa Marekani, na maiti za Iraki ziandikwe katika daftari lake.

Hapa kuna jambo ambalo lazima niliseme kwa ukali kidogo, mnisamehe. Msemaji wa tatu wa upande wa kushoto alianza kwa kusema "serikali ya Israeli", dakika ya nne akasema "Waisraeli", na alipokaribia kumaliza alikuwa anasema "Wayahudi". Nilihesabu, nikaandika. Hakuna aliyemkatiza, na wawili walimpigia makofi. Serikali ina matendo, na matendo yanahojiwa. Watu wa dini au ukoo fulani hawabebeshwi matendo ya serikali. Huko Marekani kwenyewe, wanaoibeba Israeli bungeni ni pamoja na mamilioni ya Wakristo wa kiinjili na kampuni za silaha, na kati ya wanaoandamana kuipinga vita ya Gaza Wayahudi ni wengi. Mkifika kwenye lile neno la tatu mmeshaondoka kwenye mdahalo, mmeingia kwenye chuki ya Wayahudi, ambayo iliua watu milioni sita ndani ya karne iliyopita.

Upande wa kulia nao walikuwa na uzembe wao. Mmoja wenu alisema anayeuliza kuhusu urafiki huu ana chuki tu. Basi Marshall alikuwa na chuki? Jenerali Petraeus alikuwa na chuki alipoliandikia Baraza la Seneti mwaka 2010 kwamba hasira za Waarabu juu ya suala la Palestina zinapunguza nguvu ya ushirikiano wa Marekani na serikali na watu wa eneo lile? Huyo alikuwa ndiye mkuu wa majeshi yote ya Marekani katika ukanda huo, anahesabu gharama kama mwenye duka.

Na gharama ipo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa 1973, na vijana wengi hamkuujua kwa sababu hamkuzaliwa. Misri na Syria zilianza vita dhidi ya Israeli tarehe 6 Oktoba. Marekani ikaanza kuisombea Israeli silaha kwa ndege. Tarehe 19 Rais Nixon akaliomba bunge dola bilioni 2.2 kwa ajili ya Israeli, na kesho yake Saudia ikatangaza kutoiuzia Marekani hata pipa moja. Kufikia Januari bei ya pipa ilikuwa imepanda kutoka dola kama tatu hadi karibu kumi na mbili. Hapo hakuna haja ya ubishi wa wasomi, kwani sababu na matokeo vilipishana kwa siku moja.

Nilipofika hapo katika kufikiri kwangu ndipo nilipoona kwamba pande zote mbili mlikuwa mnapigania swali lisilofaa. Tazameni kilichofuata baada ya 1973. Urafiki uleule uliomletea Nixon foleni za petroli ndio uliomvuta Anwar Sadat, rais wa Misri, aipe Moscow kisogo, kwa sababu aliona Washington pekee ndiyo yenye uwezo wa kuirudisha Sinai mikononi mwa Misri. Mapatano ya Camp David yakaja Septemba 1978, mkataba wa amani Machi 1979, na tangu hapo Misri na Israeli hazijapigana. Kitu kimoja kilileta hasara na faida ndani ya miaka sita. Tofauti ilikuwa nini? Rais Carter wa Marekani alikaa na Begin, waziri mkuu wa Israeli, na Sadat siku 13 msituni, akawabana wote wawili. Alikuwa rafiki anayedai kitu.

Hilo ndilo nililotaka kuwaambia usiku ule, na ndilo ninalolishikilia: urafiki wenyewe si ugonjwa. Unaoiponza Marekani ni urafiki usio na breki.

Breki zilikuwepo na zilifanya kazi. Nimeshawatajia 1957. Ongezeni tarehe 12 Agosti 1982. Beirut ilikuwa imezingirwa na inapigwa mabomu tangu alfajiri. Reagan, ambaye hakuna atakayemwita adui wa Israeli, alimpigia simu Waziri Mkuu Begin na kumwambia kwa hasira kwamba yanayotendeka hayavumiliki. Katika shajara yake aliandika kwamba baada ya dakika 20 Begin alimpigia tena kumweleza kwamba ameamuru mashambulizi yakome. Dakika ishirini, wanangu. Mwaka mmoja kabla, Reagan huyohuyo aliiuzia Saudia ndege za rada, watetezi wa Israeli wakapambana kufa na kupona kuzuia, wakashindwa katika Seneti kwa kura 52 dhidi ya 48. Na 1991 Bush mkubwa alizuia dhamana ya mkopo wa dola bilioni 10 kwa sababu Israeli ilikuwa ikijenga makazi ya walowezi katika ardhi iliyokaliwa. Kwa hiyo anayesema rais wa Marekani hawezi, aseme badala yake kwamba hataki.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sipendi kuiita Israeli mtoto, maana ni dola yenye jeshi lake na hesabu zake. Ila maneno yale yanaifaa Washington. Mwaka 2016 ilisaini ahadi ya msaada wa kijeshi wa dola bilioni 38 kwa miaka kumi. Kura yake ya turufu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa imeitumia kuikinga Israeli zaidi ya mara 40 tangu 1972. Serikali moja baada ya nyingine ilisema makazi ya walowezi ni kikwazo cha amani, na leo walowezi wa Ukingo wa Magharibi, bila kuhesabu Jerusalemu Mashariki, wamepita nusu milioni. Neno lisilofuatwa na kitendo huzoeleka kama mlio wa saa ukutani.

Ninyi wa kushoto mngetumia miaka ya karibuni mngekuwa na nguvu kuliko mlivyokuwa Jumamosi. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas iliwaua watu wapatao 1,200 Israeli na kuchukua mateka 251. Ulikuwa unyama, na anayeutetea asinitafute. Israeli ikajibu kwa vita vilivyoua makumi ya maelfu Gaza, kwa mabomu ambayo mengi yametengenezwa Marekani. Wahouthi wa Yemen wakaanza kuzishambulia meli Bahari ya Shamu wakisema ni kwa ajili ya Gaza, na manowari za Marekani zikaingia vitani. Januari 2024 ndege isiyo na rubani iliwaua askari watatu wa Marekani kambini Jordan. Tarehe 4 Juni 2025 wajumbe 14 wa Baraza la Usalama waliinua mikono kuunga mkono usitishaji wa mapigano, ukabaki mkono mmoja wa kupinga, wa Marekani. Siku tisa baadaye Israeli ikaishambulia Irani, tarehe 22 Marekani ikaingia kwa kuvipiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan, na kesho yake makombora ya Irani yakaelekea kambi ya Marekani ya Al Udeid iliyoko Qatar. Katika mfululizo huo kiungo kati ya urafiki na balaa kinaonekana hata kwa asiyevaa miwani.

Lakini hata hapo ulizeni mara mbili. Uadui wa Irani na Marekani ulizaliwa 1953 na 1979, kabla ya hayo yote. Na mkataba wa nyuklia wa 2015, ambao ungeweza kuupooza, Netanyahu alikwenda Kongresi kuupinga, Obama akaukubali vilevile. Aliyeuvunja ni Trump, Mei 2018. Tena rais. Tena saini.

Msiwasahau na marafiki wengine. Kati ya watekaji 19 wa ndege za Septemba 11, 15 walikuwa raia wa Saudia, na si dola hata moja ya msaada kwa Israeli iliyowafanya wachukie utawala wa kwao unaolindwa na Marekani. Misri hupata dola bilioni 1.3 za kijeshi kila mwaka, na magereza yake yamejaa. Siku mkiandaa mdahalo juu ya marafiki wa Marekani, uiteni ukoo wote.

Kuna jambo dogo limebaki, ingawa kwangu si dogo. Katika saa mbili na nusu zile, neno "Marekani" lilitajwa mara nisizoweza kuhesabu. Mpalestina alitajwa kama "suala". Mliulizana hasara ya Marekani, mkapima hasara ya Marekani, mkagombana juu ya nani aliyeiletea Marekani hasara. Mimi nikawa namwona yule mama wa Nairobi na kalamu yake. Yeye pia, katika hesabu za siku zile huko Washington, alikuwa mstari chini ya majina 12.

Kwa hiyo naomba, kwa ukubwa wangu tu na si kwa amri, mdahalo urudiwe. Hoja iwe hivi: "Kati ya 1967 na leo, ni lini Marekani ilikuwa na breki mkononi na haikuikanyaga, na nani aliumia?" Kila mmoja achague tukio moja, si kumi. Aje na tarehe, na aliyesaini, na aliyekufa. Waliokaa kushoto wakae kulia, na wa kulia kushoto, mtetee msichokiamini kwa jioni moja. Mimi nitakuja mapema na bahasha yangu ya vipande vya magazeti, vya 1973 vimekuwa vya manjano lakini vinasomeka. Safari hii mwenyekiti akiniomba neno, sitasema nimechoka.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa historia